Hodi kwa Punda Mgeni

Barua imetoka Ipililo, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Msomaji wetu amenunua punda jike mnadani baada ya yule wa zamani kuzeeka. Anamtaka kwa madumu ya maji, kwa magunia ya pamba msimu ukifika, na kwa kumbeba mwanawe wa miaka 10 anapopeleka mbuzi malishoni. Muuzaji alimhakikishia kwamba mnyama huyu haendeshwi kwa fimbo, na kweli pale mnadani alimwona akifuata kamba iliyolegea. Nyumbani mambo yamegeuka. Kati ya boma na kisima kuna korongo, na punda akifika ukingoni husimama. Akivutwa hukaza shingo, akichapwa hukaza mwili mzima. Siku moja walisimama hapo mpaka mwenye punda akachoka, akaiacha kamba na kurudi kuchukua baiskeli. "Je, nimeuziwa mkaidi?" anauliza.

Hapana, ndugu yangu. Umeuziwa mwanafunzi mzuri sana, na ile siku ya baiskeli alijifunza jambo. Nitalirudia.

Lishe, kwato na dawa za minyoo nawaachia maofisa mifugo, maana wanazijua kuliko mimi. Neno moja tu kabla ya kuendelea: punda hushikamana wawili wawili, na aliyetenganishwa na mwenzake huweza hata kugoma kula. Kama ulimnunua peke yake, mlaze jirani na ng'ombe au mbuzi, asipitishe usiku akiwa mpweke.

Maandishi mengi juu ya mtu na mnyama wa kupanda yanamhusu farasi, nami nitaazima humo. Ila huku kwetu farasi hakupata makazi kwa urahisi. Kuna virusi vinavyobebwa na usubi, vile vidudu vidogo vya jioni, ambavyo vikimwingia farasi humuua mara nyingi ndani ya siku chache, ilhali pundamilia huishi navyo bila hata kukohoa, na punda wa Afrika karibu vilevile. Nanyi mko jirani na Serengeti, penye pundamilia wasiohesabika. Punda ni mwenyeji. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya punda 207 wa leo na mabaki ya 31 wa kale, na hitimisho lake ni kwamba punda alifugwa mara moja tu duniani, Afrika Mashariki, takriban miaka 7,000 iliyopita. Punda wa China, wa Hispania na huyo wako wametoka kwenye chimbuko moja. Ndiyo maana nilifurahi Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana mjini Addis Ababa kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Babu wa punda wote hawa, punda mwitu wa Afrika, bado yupo kwa uchache katika nyika za Ethiopia na Eritrea. Ile ni nchi ya mawe na malisho haba, ambako makundi makubwa hayakai. Farasi, mtoto wa mbuga pana, akishtuka hukimbia kwanza na kutazama baadaye. Punda husimama, akatazama, akapima, kisha akaamua. Anachokiita mwenye haraka ukaidi ni mnyama anayefikiri. Lakini akisimama hapo ukingoni, mkono wako unafanya nini? Hilo ndilo swali lililonifanya nichukue kalamu.

Nilipokuwa mtoto nilitembea mbele ya maksai wakati wa kulima, kamba mkononi, mjomba akiwa nyuma kwenye plau. Nilivuta bila kupumzika, nikiamini kuvuta ndiko kunakowaendesha. Mjomba hakuwa akiniambia "vuta". Kila mara aliniita, "Legeza!" Ilinichukua miaka mingi, na vitabu kadhaa vya tabia za wanyama, kujua kwamba alikuwa akinifundisha kiini cha somo lote. Mnyama hajifunzi kamba inapokazwa. Hujifunza inapolegea. Kukaza kunamletea adha ndogo, naye hujaribu hiki na kile ili adha iondoke: huinua kichwa, hurudi nyuma, hugeuka, hupiga hatua mbele. Alilokuwa akifanya adha ilipoondoka ndilo analolihifadhi, na nafasi ya kuliunganisha hilo na ahueni aliyoipata ni fupi mno, sekunde moja au mbili. Ukichelewa, amekwisha kufanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo utakalokuwa umemfundisha.

Wanasaikolojia wana jina la jambo hili, na tafsiri yake katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili ni "uimarishaji hasi". Silitaki. Hasi yao ni ya hesabu, maana kuna kitu kinachoondolewa, lakini msomaji husikia ubaya, akadhani tunazungumzia adhabu. Kwa mfugaji ni vibaya zaidi: kuhasi ni kumwondolea dume uzazi, na maksai ni ng'ombe aliyehasiwa. Ukimwambia mtu wa Maswa kwamba punda wake anahitaji uimarishaji hasi, ana haki ya kukuuliza umeona wapi punda jike akihasiwa. Nilifikiria "mwachio", nikaona linaelekea kwenye kutelekeza. Nikafikiria "ahueni", neno zuri, lakini hilo ni la anayepata, halimtaji anayetoa. Nimerudi kwa mjomba: ulegezo. Mkono hutoa ulegezo, punda hupata ahueni. Wapo watakaosema kulegea kuna harufu ya uzembe. Kulegea ndiyo, ila kulegeza ni tendo la mwenye nguvu anayechagua kutozitumia, na hapa linafaa kabisa.

Sasa fikiria hodi. Unafika nyumbani kwa mtu, unasimama nje, unasema hodi kwa sauti ya kawaida. Unangoja. Huenda mwenyeji yuko jikoni, anafuta mikono. Unarudia kwa sauti ya juu kidogo. Anaitika, "Karibu!" Papo hapo unanyamaza. Ule ukimya wako ndio unaomjulisha kwamba jibu lake limefika. Je, kama baada ya karibu ungeendelea kugonga mlango? Mwenyeji angerudia karibu, ya pili, ya tatu, kisha angetambua kwamba kuitika hakusaidii. Hapo ana njia mbili: atoke na mchi, au aongeze sauti ya redio asikusikie tena. Punda anayepiga mateke ametoka na mchi. Punda aliyekufa ganzi ubavuni, anayehitaji fimbo nene zaidi kila mwaka, ameongeza sauti ya redio. Ngozi yake haikufa. Mnyama huyu huhisi nzi akitua mgongoni na kuitikisa ngozi ya sehemu hiyo peke yake. Basi hodi yako isianze na fimbo. Ianze na kuiondoa tu kamba kwenye ulegevu, na karibu yake huenda ikawa ndogo kuliko unavyotazamia: uzito kuhama kutoka miguu ya nyuma kwenda ya mbele, kabla hata kwato halijanyanyuka. Hapo hapo, legeza.

Kwenye jambo moja punda hafanani na mlango. Kwetu ukibisha hodi mara tatu bila jibu unaondoka, na huo ni ustaarabu. Kwa punda, ukiondoka wakati amenyamaza umemfundisha kunyamaza. Rudi siku ile ya baiskeli. Ulivuta, akakaza, ulivuta, akakaza, mwishowe ukachoka, ukaiacha kamba. Ahueni kubwa kuliko zote za siku hiyo ilimjia akiwa amesimama wima ukingoni mwa korongo, shingo imekaza kama mti. Ulimpa somo safi, naye amelishika.

Mnyama wa jamii hii ya punda na farasi huisoma miili yetu kwa namna inayotisha. Berlin, mwaka 1904, watu walimiminika kumwona farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, akijibu hesabu kwa kugonga kwato: ukimuuliza tatu na nne, anagonga saba na kuacha. Tume ya wataalamu haikuona udanganyifu, na kweli haukuwepo. Miaka 3 baadaye Oskar Pfungst alichapisha alichokigundua. Kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, Hans hajui. Kama Hans hamwoni muulizaji, hajui. Kumbe kila muulizaji aliinama kidogo akisubiri, na kwato lilipofikia hesabu sahihi, mwili wake ulilegea na kichwa kikanyanyuka kwa kiasi ambacho hakuna mtu pale aliyekiona. Hans alikiona. Wengi huisimulia habari hii kama kuumbuka kwa farasi. Mimi naiona kama ulegezo katika umbo lake jembamba kuliko yote, bila kamba wala kugusana, mtu akilegea ndani ya nafsi yake na mnyama akipokea. Punda si farasi, lakini kwenye hili sitarajii tofauti kubwa.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuweka mkono. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walieleza walichopima kwa farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Walipowakuna pale shingo inapokutana na mgongo, ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, mapigo ya moyo yalishuka. Walipowakuna mahali pengine, mapigo hayakushuka hivyo. Kwa punda huhitaji kutafuta: mtazame mabegani, ule mstari mweusi unaokata uti wa mgongo ukafanya msalaba. Mkune hapo.

Kesho basi nenda korongoni asubuhi, bila madumu, bila mtoto mgongoni, na usiwe na safari nyingine inayokusubiri. Kama ana kidonda mgongoni au anachechemea, usiende, atibiwe kwanza. Simama kando ya bega lake, si mbele, kwa kuwa mbele kabisa ya paji la uso hakuoni vizuri. Mkune msalabani mpaka mdomo wa chini uning'inie. Kisha inua kamba, ikaze kidogo tu, na usiongeze wala usipunguze. Akirudi nyuma, nenda naye na kamba ikiwa vilevile. Yatazame masikio: yatageukia korongo, yatageukia kwako, yatarudi korongoni. Anapima. Uzito wake ukisogea mbele, hata upana wa kidole, legeza kamba yote, shusha pumzi, na mwache asimame hapo alipofika mpaka atakapoinamisha kichwa kunusa ukingo.

Siku ya kwanza huenda usifike kisimani.