Mnyama yuko mbele ya mtutu: kumpiga au kumwacha?

Leo tunazungumzia jambo ambalo msomaji wa mjini huenda akaliona liko mbali naye, ilhali kwa familia za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni jambo linalobisha hodi mlangoni, tena aghalabu usiku. Nalo ni uwindaji.

Mchukulie baba wa familia anayeishi Mugoma, upande wa mpaka wa Burundi, au katika kijiji kimojawapo cha Biharamulo kinachopakana na hifadhi. Ameswali alfajiri, ameshika njia ya shamba. Ukingoni mwa mahindi amesimama pongo, kichwa chini, anakula bila wasiwasi. Baba huyu ana gobori begani. Nyumbani watoto wamekula ugali kwa maharage mwezi mzima. Hakuna jirani, hakuna askari wa wanyamapori, hakuna jicho la mtu. Ampige au amwache?

Wengi wetu tukiulizwa swali hili tunakimbilia kwenye kisu: je, alichinjwa? Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake yapo maswali ambayo mwindaji hujibu wakati mnyama bado yu hai, na kidole bado hakijavuta.

Tuanze na aya ambayo haisomwi sana katika mawaidha yetu. Katika Suratul Maida, aya ya 94, Mwenyezi Mungu anawaambia walioamini kwamba atawajaribu kwa kitu katika mawindo, mawindo yaliyo karibu kiasi cha kufikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili abainike anayemcha Yeye katika ghaibu. Baadhi ya wafasiri wanaihusisha aya hii na safari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijiria. Waislamu walikuwa katika ihramu, na aliye katika ihramu haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Wanyama na ndege wakawazunguka kambini, wakasogea karibu kuliko walivyopata kuwaona. Waarabu wale walilelewa na upinde, na uwindaji kwao ulikuwa chakula na heshima. Sasa windo linakuja lenyewe hadi penye mkono, nao wanatakiwa waliache lipite.

Zingatia neno ghaibu. Mtihani haukuwekwa mbele ya kadhi wala sokoni. Umewekwa porini, mahali ambapo mtu akivunja amri hakuna atakayemshtaki.

Wapo Masahaba waliofaulu mtihani huo kwa namna inayopendeza kusimulia. Abu Qatada (R.A.) alisafiri na wenzake waliokuwa wamehirimia ilhali yeye hakuhirimia. Wenzake wakamwona punda mwitu kabla yake. Hawakumwambia. Wakatazamana na kucheka, naye akageuka akamwona. Alipopanda farasi akasahau mjeledi na mkuki wake, akawaomba wamwokotee. Wakakataa, hata kuokota tu! Akashuka akavichukua mwenyewe, akamwinda mnyama. Baadaye walikula nyama ile, kisha shaka ikawaingia wakamwendea Mtume (S.A.W.). Naye aliwauliza kama kuna yeyote kati yao aliyemwamuru au kumwonesha kwa ishara. Waliposema hapana, akawaruhusu wale kilichobaki. Angalia jinsi mpaka ulivyochorwa kwa wembamba: ishara ya kidole tu ingetosha kubadili hukumu.

Na katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari ya swala (mnyama, si ibada) aliyekutwa na msafara wa Mtume (S.A.W.) njiani, akiwa amejikunja kivulini na mshale ungali mwilini. Msafara ule ulikuwa katika ihramu. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu mmoja asimame kando ya mnyama huyo, asimguse, ahakikishe hakuna anayemsumbua hadi watu wote wamepita. Mtu mzima, katika safari ya jua kali, anaambiwa asimame amlinde swala aliyejeruhiwa!

Msomaji atasema: hayo ni ya ihramu, na baba wa Mugoma yuko shambani kwake. Ni kweli. Kwa asiye katika ihramu wala katika eneo takatifu la Makka au Madina, uwindaji ni halali kwa Kitabu na Sunna, na hatuna haja ya kuona haya kulisema. Ila halali hiyo ina masharti, na yapo yanayomlazimu mwindaji ashushe mtutu.

La kwanza ni nia. Risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mnyama haimhalalishi, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuwinda. La pili ni kutaja jina la Allah wakati wa kupiga, si mnyama akishaanguka. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, wanaliona hili kuwa ni sunna, na maimamu wengine wanaliona ni wajibu. Asiliache mtu kwa makusudi akitegemea hitilafu hiyo. La tatu ni chombo. Mtume (S.A.W.) alimweleza Adiy bin Hatim (R.A.) kwamba kinachoua kwa ncha na kutoboa kinahalalisha, na kinachoua kwa ubapa na uzito humfanya mnyama kuwa sawa na aliyekufa kwa kipigo. Bunduki ilipoenea, wanazuoni waliijadili kwa kipimo hicho hicho, na wengi wa waliokuja baadaye, akiwamo Imamu Shawkani wa Yemen, wakaona kwamba risasi hutoboa, kwa hiyo windo lake ni halali.

La nne ndilo linalosahauliwa. Katika mafunzo hayo hayo kwa Adiy, Mtume (S.A.W.) alisema windo likipotea kisha likapatikana baada ya siku moja au mbili, na halina jeraha jingine isipokuwa la mshale wako, unaweza kulila. Lakini ukilikuta limezama majini, usile, kwani hujui limeuawa na maji au na mshale. Sasa itazame nchi ya Ngara. Mto Ruvubu na mto Kagera, na mabwawa ya mafunjo yaliyojaa kandokando. Pongo aliyepigwa vibaya ukingoni hukimbilia humo. Mwindaji anayejua dini yake hutazama aliposimama mnyama, hutazama giza linaloingia, huupima mkono wake kama umetulia, na akiona kwamba mnyama atajeruhiwa na kupotea, humwacha. Kumjeruhi kiumbe na kumwachia fisi si uwindaji. Na kumpiga kwa ajili ya kujaribu shabaha ni baya zaidi, maana Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha.

Hayo ni ya mnyama na chombo. Kuna la ardhi.

Mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Katika pori la akiba uwindaji huweza kuruhusiwa kwa kibali. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi. Na nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni, na inakataza kuwinda usiku, kutumia sumu na mitego, na kumpiga jike aliye na mtoto. Ajabu ni kwamba nyingi ya katazo hizi mwenye insafu angezifikia kwa kuisoma fiqhi peke yake.

Kuna ndugu husema: wanyama ni wa Mungu, Serikali imewapata wapi? Hoja hii ina utamu wa maneno, lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitenga malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi, na Umar bin Khattab (R.A.) akatenga Rabadha. Ama eneo la Madina, humo hata mawindo yaliharamishwa, hadi Abu Huraira (R.A.) akasema kwamba angewaona swala wakilisha mjini humo asingewashtua. Kiongozi kutenga eneo kwa maslahi ya wote ni jambo lenye asili katika dini. Wakati huohuo tuseme ukweli: mwanakijiji ambaye mahindi yake huliwa na wanyama usiku, naye akaambiwa asiguse hata mkia, ana malalamiko ya haki, na wenye mamlaka wataulizwa juu yake. Malalamiko hayo yapelekwe panapohusika. Hayageuki kuwa leseni.

Wilaya hizi zina historia inayoeleza mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 waliikimbia Rwanda wakavuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa kama siku moja, wakaingia Ngara. Benaco ikawa kambi yenye watu kuliko miji yetu mingi. Mgao wa chakula ulikuwa nafaka, maharage na mafuta, wala haukuwa na nyama. Mapori yakalipa. Shirika la TRAFFIC, katika ripoti yake ya mwaka 2008 kuhusu kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania, liliipa ripoti hiyo jina lenye maana ya mchicha wa usiku, fumbo lililotumiwa makambini kuitaja nyama ya porini iliyopikwa gizani. Nani atamlaumu kwa ukali mama aliyekimbia mauaji na watoto mgongoni, akanunua kipande ili wapate nguvu? Dharura ina hukumu zake, na Qur'ani yenyewe imezitaja. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao mwishoni mwa 1996, na mchicha wa usiku ukabaki kuwa biashara.

Hapa ndipo mlango wa nyumba unapobishwa. Kijana amekuja na mfuko, anasema ni nyama ya swala, bei ni nusu ya nyama ya ng'ombe. Hukuwinda wewe. Je, yakuhusu?

Yakuhusu kwanza kwa sababu ya waya. Nyama kama hiyo mara nyingi haitokani na risasi wala mshale, hutokana na tanzi la waya lililotegwa njiani mwa wanyama. Mnyama huingiza shingo, huvuta, hunyongeka, na mtegaji huja kesho yake au keshokutwa. Aliyekufa kwa kunyongeka ametajwa waziwazi katika aya ya 3 ya Suratul Maida miongoni mwa vilivyoharamishwa. Akikutwa hai akachinjwa, ni halali. Akikutwa amekufa, ni mzoga, hata kama kisu kitapitishwa shingoni kwa ajili ya kumridhisha mnunuzi.

Baadhi hujibu kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba watu walimweleza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama wanayoletewa wasijue kama imetajiwa jina la Allah, naye akawaambia walitaje wao kisha wale. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari, na imeziondolea familia nyingi wasiwasi usio na sababu. Ila walioleta nyama ile walikuwa watu waliosilimu karibuni, na shaka ilikuwa juu ya kutamka tu. Hapa tunazungumzia mtu ambaye kila mtu kijijini anajua anategea waya. Kuitumia hadithi ile kumfichia huyu ni kuipakia mzigo usio wake.

Yakuhusu pili kwa sababu ya familia yako. Sheria haimwangalii mwenye bunduki peke yake, humwangalia pia aliyekutwa na nyama. Mwaka 2023, mkoani Iringa, mama mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala bila kibali. Hukumu hiyo ilizua mjadala nchi nzima, na baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Msomaji ana haki ya kuiona adhabu hiyo kuwa nzito mno, na mwandishi wa makala haya yuko upande huo. Lakini baba anayeingiza mfuko ule jikoni usiku aelewe kwamba atakayekutwa na sufuria ni mkewe.

Je, nyama ya mnyama aliyewindwa bila kibali lakini kwa masharti yote ya dini, yenyewe ni haramu? Wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Wapo wanaosema dhambi iko kwa mwindaji na nyama inabaki katika asili yake ya halali, na wapo wanaoizuia kwa kuwa imepatikana kwa njia iliyokatazwa. Mtume (S.A.W.) aliwahi kurudishiwa nafasi kama hii kwa sura nyingine: Saab bin Jaththama (R.A.) alimletea zawadi ya punda mwitu naye akiwa katika ihramu, akaikataa. Alipoona uso wa mletaji umebadilika, akamweleza kwa upole kwamba hakumrudishia ila kwa sababu yeye yuko katika ihramu. Hakumkaripia na hakumwita mwovu. Ni adabu ya kuiga siku ambayo jirani unayemheshimu atakuletea paja la pongo kwa nia njema.

Anayeitamani nyama hiyo kwa njia iliyo wazi ana mlango. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu bucha maalumu za nyamapori zenye leseni. Mteja Mwislamu anayo haki ya kumwuliza mwenye bucha mnyama alipigwa na nani, kwa chombo gani, na kama aliwahiwa kuchinjwa, kama anavyouliza kwenye bucha ya ng'ombe. Akipata jibu, anunue. Akijibiwa kwa kuzungushwa, kuku wa nyumbani yupo.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.