Usingizi na Ratiba ya Mtahiniwa: Jinsi ya Kugawa Saa 24

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne unapokaribia, jambo la kwanza ambalo wanafunzi wengi hupunguza ni usingizi. Karibu kila shule ina mwanafunzi anayesifiwa kwa kukesha. Anaweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi, anakunywa kahawa chungu, na asubuhi anawaambia wenzake kwamba amepiga msuli hadi saa 9 usiku. Wenzake wanaingiwa na hofu, na usiku unaofuata nao wanatafuta beseni.

Sehemu hii inaeleza kwa nini njia hiyo ina hasara kuliko faida, kisha inakuonyesha jinsi ya kupata muda wa kusoma bila kuuchukua kutoka usiku. Jambo kuu la kushika ni hili: kazi ya kujifunza huanza unapofungua daftari, lakini huendelea ukiwa umelala. Anayekata usingizi anakata sehemu ya pili ya kazi aliyoianza mwenyewe.

1. Mwili unahitaji usingizi kiasi gani?

Mwaka 2016, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kilipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Mtu mzima hutakiwa kulala saa 7 au zaidi. Kwa hiyo usijipime kwa baba au mwalimu anayelala saa chache na bado anafanya kazi zake. Mwili wako bado unakua, na mahitaji yake ni makubwa zaidi.

Mambo mawili huamua lini upate usingizi. La kwanza ni uchovu unaojikusanya. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Ni kulala tu kunakoiondoa. La pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga na giza. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala.

Katika umri wa kubalehe, saa hiyo ya mwili husogea mbele. Melatonini hutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa ukiwa darasa la tano. Ndiyo maana unaweza kujilaza saa 2 usiku na usingizi usije, halafu ukashindwa kunyanyuka alfajiri. Huo si uvivu. Hata hivyo, kengele ya shule haisogei pamoja na mwili wako, na ndiyo sababu unahitaji ratiba.

2. Ubongo unafanya nini unapolala?

Usingizi wa usiku mmoja huenda kwa mizunguko. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika 90, na usiku kamili huwa na mizunguko 4 hadi 6. Ndani ya kila mzunguko kuna usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Usingizi mzito hupatikana zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri.

Unaposoma mada mpya, kwa mfano hatua za mgawanyiko wa seli au sababu za Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, kumbukumbu hiyo hutegemea kwanza sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Unapolala, hasa katika usingizi mzito, ubongo huirudia kumbukumbu hiyo na kuiimarisha katika gamba la ubongo, ambako hukaa kwa muda mrefu na kuungana na yale uliyokwisha kuyajua. Ni kama duka lililopokea mzigo jioni: bidhaa zipo mlangoni, lakini mpaka zipangwe kwenye rafu, mteja akija asubuhi muuza duka hatajua sabuni iko wapi.

Jambo hili lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1924, watafiti Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Baadhi ya nyakati wanafunzi hao walilala baada ya kukariri, na nyakati nyingine walibaki macho wakiendelea na shughuli zao. Baada ya saa zilezile, walikumbuka silabi nyingi zaidi pale walipokuwa wamelala. Tangu hapo majaribio mengi yameonyesha mwelekeo huohuo.

Sasa angalia hasara ya kukesha. Anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 11 alfajiri amepata saa 3 tu, yaani mizunguko miwili. Sehemu ya alichosoma kabla ya kulala inaweza kubaki mlangoni.

3. Gharama ya kusoma ukiwa umechoka

Mwaka 1997, watafiti Dawson na Reid wa Australia waliwapima watu uratibu wa macho na mikono. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo alifanya vibaya sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Piga hesabu yako mwenyewe. Ukiamka saa 11 alfajiri, saa 17 zinatimia saa 4 usiku. Kila ukurasa unaousoma baada ya hapo, unausoma na ubongo ambao kazi yake imeshuka.

Dalili zake unazijua: unasoma aya moja mara nne, unanakili fomula bila kuielewa, unakosea alama ya kutoa na kujumlisha katika hesabu uliyoiweza mchana. Saa zimepita na daftari limejaa, lakini kichwani kimeingia kidogo.

Beseni la maji ya baridi hukushtua kwa dakika chache. Haliondoi adenosini. Kahawa nayo haiiondoi: kafeini huizuia tu isifanye kazi yake kwa muda, na uchovu unabaki ukikungoja. Zaidi ya hapo, kafeini hukaa mwilini. Kwa wastani, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado ipo. Ukinywa kahawa, chai ya rangi nzito au kinywaji cha kuongeza nguvu saa 2 usiku, saa 7 usiku nusu ya kafeini bado inazunguka katika damu. Ni vyema vinywaji hivyo viishie mchana.

4. Kupanga ratiba kwa kuanzia mwisho

Wanafunzi wengi hupanga ratiba kwa kuanza na masomo, na usingizi hupewa saa zilizobaki. Fanya kinyume. Anza na saa ambayo lazima uamke, rudi nyuma saa 8, na hapo ndipo pa kulala. Kisha gawa muda uliobaki.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kutwa anayeamka saa 11:30 alfajiri na kurudi nyumbani saa 10:30 jioni.

Saa 10:30 – 10:50 jioni: kulala kidogo, dakika 20
Saa 10:50 – 12:30 jioni: kula kitu, kuoga, kazi za nyumbani
Saa 12:30 – 2:00 usiku: somo gumu zaidi
Saa 2:00 – 2:30 usiku: chakula cha usiku
Saa 2:30 – 3:30 usiku: maswali ya mitihani iliyopita
Saa 3:30 – 3:45 usiku: kuandaa sare na begi, kuzima simu
Saa 3:45 usiku – 11:30 alfajiri: kulala

Usiku huo una saa 7 na dakika 45 za usingizi. Ukijumlisha dakika 20 za jioni, unapata saa 8 na dakika 5. Muda wa kusoma ni saa 2 na nusu kwa siku, yaani saa 12 na nusu kwa siku 5 za shule, kabla hujahesabu Jumamosi na Jumapili. Hizo ni saa za ubongo ulio macho.

Zingatia mambo matatu katika mfano huu. Kwanza, somo gumu limewekwa mapema, kabla uchovu haujazidi. Pili, muda wa mwisho umetolewa kwa kujibu maswali, kwa sababu anayeandika majibu hasinzii haraka kama anayesoma tu. Tatu, usingizi wa jioni hauzidi dakika 20 hadi 30. Ukilala saa 2 jioni hiyo, utaamka ukiwa mzito na usiku usingizi utakukimbia.

Mwanafunzi wa bweni hana uhuru wa kupanga kengele. Kama taa huzimwa saa 4 usiku na kengele hulia saa 11 alfajiri, una saa 7. Usizipunguze tena kwa kusoma na tochi ndani ya blanketi. Badala yake, pumzika dakika 20 baada ya chakula cha mchana siku ratiba ya shule inaporuhusu, na tumia vyema muda wa maandalio, ambao wengi huumaliza kwa mazungumzo.

5. Muda wa kusoma utoke wapi?

Kabla ya kugusa usiku, kagua mchana. Kwa siku 3, andika kila unachofanya na saa yake. Utaona mianya: kipindi ambacho mwalimu hakuingia, nusu saa ya kusubiri daladala, saa nzima ya simu iliyoanza kwa kuangalia ujumbe mmoja. Kadi ndogo yenye fasili 5 za Biolojia inaweza kusomwa kituoni. Huwezi kufanya hivyo na insha ya Historia, kwa hiyo panga kazi fupi kwa mianya mifupi.

Kuna wanafunzi ambao tatizo lao si simu. Wanachota maji, wanapika, wanalea wadogo zao, au wanasaidia kwenye genge hadi usiku. Kama wewe ni mmoja wao, ratiba yako haiwezi kupangwa na wewe peke yako. Chagua wakati mzuazi ametulia, mpelekee ratiba iliyoandikwa, na uombe kitu kimoja mahususi. Kwa mfano: “Mama, shikamoo. Naomba hadi mtihani uishe niwe nachota maji na kuosha vyombo mara tu nikirudi shule, ili saa 12:30 nianze kusoma na saa 3:45 nilale.” Ombi la namna hii ni rahisi kukubaliwa kuliko lawama ya jumla kwamba kazi ni nyingi, kwa sababu kazi bado zinafanyika.

Ikiwa bado muda hautoshi, punguza mada kabla ya kupunguza usingizi. Mada 3 ulizozielewa zitakupa alama nyingi kuliko mada 7 ulizozipitia ukisinzia.

6. Kulinda usingizi wenyewe

Amka saa ileile kila siku. Mwisho wa wiki usiongeze zaidi ya saa moja. Anayelala hadi saa 5 asubuhi siku ya Jumapili huisogeza saa ya mwili wake, na usiku wa kuamkia Jumatatu hukosa usingizi.

Weka simu mbali na kitanda, ikiwezekana chumbani kwa mzazi. Mwanga wake huchelewesha melatonini, na ujumbe wake huamsha wasiwasi. Hili ni muhimu zaidi katika wiki ya mtihani, ambapo makundi ya simu hujaa uvumi wa karatasi zilizovuja. Wanaokesha wakizisubiri hupoteza usingizi kwanza, na Baraza la Mitihani la Tanzania hufuta matokeo ya watahiniwa wanaobainika kufanya udanganyifu.

Chomeka chandarua vizuri. Mbu mmoja hukatisha usingizi, na malaria hukatisha wiki nzima ya marudio.

7. Usiku wa kuamkia mtihani

Funga vitabu saa 3 usiku. Andaa kalamu, rula, mkebe wa vifaa vya hesabati na namba yako ya mtihani, kisha ulale saa yako ya kawaida. Usingizi usipokuja baada ya nusu saa hivi, usibaki kitandani ukihesabu saa zilizobaki. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu, urudi unapoanza kusinzia. Usiku mmoja mbaya hautafuta kazi ya miezi. Kinachoharibu ni wiki nyingi za kulala saa 4.

Jipime

1. Mwanafunzi anatakiwa kuamka saa 11:00 alfajiri. Ili apate saa 8, alale saa ngapi?
2. Mwanafunzi amekunywa kahawa saa 1:00 usiku. Takribani saa ngapi nusu ya kafeini itakuwa bado mwilini?
3. Eleza kwa nini kahawa haiwezi kuchukua nafasi ya usingizi.
4. Tengeneza ratiba yako ya siku moja kwa kuanzia saa ya kuamka. Ibandike mahali ambapo mzazi au kiranja wa bweni ataiona.

Majibu: (1) Saa 3:00 usiku. (2) Saa 6:00 usiku. (3) Kafeini huizuia adenosini kwa muda tu, haiiondoi, wala haifanyi kazi ya kuimarisha kumbukumbu inayofanyika wakati wa usingizi. (4) Hakikisha safu ya kulala imejazwa kwanza.