Mbinu ya orodha iliyorahisisha kazi ya maelfu ya tarakilishi

MNAMO mwaka wa 2004, wahandisi wawili wa kampuni ya Google, Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat, walieleza hadharani mfumo walioupa jina MapReduce. Kwa kuutumia, sehemu moja ya programu ya kupanga kurasa za intaneti ilipungua kutoka takriban mistari 3,800 hadi 700.

Wazo lenyewe lilikuwa kongwe. Wawili hao walisema walilichota kutoka Lisp, lugha ya tarakilishi ambayo Mmarekani John McCarthy alianza kuibuni mwaka wa 1958. Katika Lisp, fanksheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kurudisha kingine, huweza kukabidhiwa fanksheni nyingine sawa na inavyokabidhiwa nambari.

Chukulia mwenye duka aliye na orodha ya bei: Sh100, Sh250 na Sh400. Fanksheni ya kugeuza hupewa kanuni ya kuongeza kodi ya VAT ya asilimia 16, nayo hurudisha orodha mpya: Sh116, Sh290 na Sh464. Ya kuchuja hupewa sharti kwamba bei ipite Sh200, ikabakisha mbili za mwisho. Ya kukusanya hupewa kanuni ya kujumlisha, ikatoa Sh754. Orodha ya awali haiguswi.

Hapa ndipo penye faida. Kwa kuwa kila bei hugeuzwa bila kuingojea jirani yake, orodha ndefu huweza kukatwa vipande na kugawiwa maelfu ya mitambo. Mmoja ukizimika, fungu lake hurudiwa na mwingine, basi.

Ukusanyaji una masharti makali zaidi, na wanagenzi wengi hujikwaa papo hapo. Jumla haina taabu: kila kundi likijumlishwa kivyake, kisha jumla hizo zikaunganishwa, jibu halibadiliki. Wastani ni kigeugeu. Kundi lenye 10 na 20 lina wastani wa 15. Kundi la pili lina 60 pekee. Wastani wa 15 na 60 ni 37.5, ilhali wastani halisi wa nambari zote tatu ni 30. Tarakilishi haitalalamika, itachapisha kosa hilo kwa utulivu ule ule. Dawa ni kila kundi kutuma jumla yake pamoja na idadi ya nambari zake, na kazi ya kugawanya ifanywe mara moja tu, mwishoni.