Nyumba mpya, LUKU inakata zaidi: jinsi ya kuhoji kodi ya majengo Mwanza

Umemaliza kujenga Buswelu. Bati limekaa, rangi imekauka, TANESCO wamefunga mita. Unanunua umeme wa 10,000 kwa mara ya kwanza, unasoma meseji, na uniti ni chache kuliko alizopata jirani kwa pesa ileile.

Wengi hudhani mita ni mbovu. Mara nyingi si mita. Ni kodi ya majengo, na swali la kujiuliza ni moja: je, imekatwa kiasi sahihi?

Kwa jiji linalojengwa kila siku kuanzia Kiseke na Nyamhongolo hadi Buhongwa na Kishiri, swali hilo si dogo. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na wanaohamia nyumba zao wenyewe kwa mara ya kwanza ni wengi.

Kiasi kinachokatwa

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mwanzoni nyumba ya kawaida ililipa 1,000 kwa mwezi, na jengo la ghorofa 5,000 kwa kila ghorofa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha viwango hivyo. Sasa katika majiji, manispaa na miji ni hivi:

- Nyumba ya kawaida: 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi.
- Jengo la ghorofa: 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa, yaani 7,500 kila mwezi kwa kila ghorofa.

Makato hufanyika unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Ukinunua tena mwezi huohuo, hukatwi tena. Ndiyo maana uniti za tarehe 2 hazilingani na za tarehe 20 hata kama pesa ni ileile. Jirani anaweza kuwa alishakatwa wiki iliyopita.

Usiponunua umeme mwezi mzima, kodi haisamehewi. Inalimbikizwa. Mwenye nyumba ya kawaida aliyekaa miezi miwili bila kununua atadaiwa 4,500 mwezi wa tatu. Hili huwashtua sana waliojenga Mwanza huku wanaishi Dar es Salaam au Geita, wakija likizo tu.

Si thamani, ni aina ya jengo

Uingereza, kwa mfano, nyumba mpya hupangiwa daraja la kodi kwa thamani. England hutumia bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, hata kama imejengwa mwaka jana. Anayeona amepangiwa daraja la juu hubishana kuhusu thamani, akilinganisha na nyumba za jirani.

Kwa viwango hivi vya LUKU, hoja hiyo haina kazi. Nyumba ya kawaida ya Capri Point inayotazama ziwa inalipa 18,000, sawa na ya vyumba viwili iliyoko Kishiri. Kwa hiyo usiende ofisini kulalamika kwamba nyumba yako ni ndogo. Hapa mambo ya kuhoji ni haya: jengo limeandikwa la aina gani, lina mita ngapi, na mwenye kulipa ni nani.

Makosa ya kuangalia

1. Nyumba ya kawaida kuhesabiwa ghorofa

Mwanza ni jiji la mawe na vilima. Nyumba nyingi za mteremkoni, ukizitazama kutoka barabarani ni za kawaida, lakini ukishuka nyuma unaona chumba au stoo chini ya sakafu, kwa sababu msingi ulibidi uinuliwe. Mtu anayepita chini ya kilima anaona ghorofa.

Nyumba ya kawaida ikiandikwa kuwa na ghorofa moja ya kulipiwa, 18,000 inageuka 90,000. Tofauti ni 72,000 kila mwaka, mwaka hadi mwaka. Ushahidi wako mkubwa hapa ni ramani iliyopitishwa na halmashauri pamoja na kibali cha ujenzi. Picha za nyumba kutoka pande zote nne nazo zinasaidia.

Na kinyume chake kipo. Kama umejenga ghorofa kweli na unakatwa 1,500, usishangilie. Kumbukumbu zikisahihishwa baadaye, unaweza kukuta deni linakusubiri.

2. Nyumba moja, mita nyingi

Wenye nyumba za kupangisha huomba mita kwa kila mpangaji ili kuepusha ugomvi wa umeme. Shida ni kwamba kila mita ikikatwa 1,500, nyumba moja yenye mita nne inalipa 6,000 kwa mwezi badala ya 1,500. Hapo unaomba mita zote zitambuliwe kuwa za jengo moja, na kodi ikatwe kwenye mita moja tu. Nenda na namba za mita zote.

Lakini ukijenga nyumba ya pili uani na kuivutia umeme wake, hayo ni majengo mawili. Kila moja lina kodi yake.

3. Mita isiyo ya nyumba

Kama mita inahudumia pampu ya kisima au mashine ya kumwagilia bustani tu, na inakatwa kodi ya majengo, una hoja ya kuuliza. Mfumo unaona mita, hauoni kilichofungwa upande wa pili wa waya.

4. Asiyestahili kulipa analipa

Mzee wa miaka 60 au zaidi ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huo haujileti, kwa sababu LUKU haijui umri wa mtu. Ni lazima uombwe. Wapo wanaomjengea mama nyumba Ilemela na kuandikisha mita kwa jina la kijana. Hapo msamaha unakuwa mgumu kuuthibitisha, kwa hiyo jina la mwenye nyumba liwekwe sawa mapema.

5. Mpangaji kubeba kodi ya mwenye nyumba

Kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anakuwa amemlipia tu. Atunze meseji za LUKU, na wakubaliane kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango. Ni vizuri jambo hili liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kuliko kununiana baadaye.

Hatua za kufuata

Anza na risiti. Meseji au risiti ya LUKU huonyesha makato kimoja kimoja. Tafuta mstari wa kodi ya majengo na uangalie pia kama kuna deni. Linganisha miezi miwili au mitatu, si mmoja.

Kusanya karatasi: namba ya mita, kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, kibali cha ujenzi na ramani. Kama huna hati, barua ya serikali ya mtaa inayokutambulisha kuwa mmiliki ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nenda halmashauri. Kodi ni yao, ingawa inapita kwenye umeme. TANESCO watakusaidia kujua mita imesajiliwa kwa jina gani na kwa matumizi gani, lakini hoja ya aina ya jengo au msamaha ni ya halmashauri.

Andika. Malalamiko ya mdomo dirishani husahaulika. Peleka barua fupi yenye maombi mawili: kumbukumbu zirekebishwe, na kiasi kilichokatwa zaidi kihesabiwe. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Endelea kuangalia. Mwezi unaofuata nunua umeme mapema na usome makato tena. Kama hayajabadilika, rudi na ile nakala.

Usichanganye na kodi ya ardhi

Mwenye hati anadaiwa pia kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hiyo ni ya kiwanja, inasimamiwa na Wizara ya Ardhi na hulipwa kwa namba ya malipo. Kukatwa na LUKU hakumaanishi kwamba umeshailipa.

Shilingi 1,500 inaonekana ndogo, na ndiyo maana wengi hawaihoji. Lakini kosa lililoingia kwenye mfumo halichoki. Litakata kila mwezi, iwe uko nyumbani au umesafiri, mpaka mwenye nyumba alikamate. Wakati rahisi wa kulikamata ni mwezi wa kwanza, kibali cha ujenzi kikiwa bado mkononi na deni halijaanza kukua.