Majuu Wanagombea Manesi, Delta Wanasubiri Maji Yajae

Wiki hii weka kando kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Nina kasheshe nyingine, na inamhusu shoga yangu niliyesoma naye sekondari. Baada ya shule mimi niliangukia kwenye kalamu, yeye akaenda chuo cha uuguzi. Leo ana leseni yake mkononi, lakini ajira hana. Anajitolea kwenye zahanati moja kule delta ya Rufiji, na posho anayopewa ukienda nayo dukani unarudi na sabuni na kiberiti tu.

Sasa kwenye simu yake kuna jamaa anayejiita wakala. Kila siku meseji: Uingereza wanataka manesi, mshahara mnono, changamka, tuma pesa ya "kufungua faili" nafasi zisije zikaisha. Akaniuliza, "Shoga, niende nisiende?" Nikamwambia hayo si ya kwenye simu, nakuja. Nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu, huyoo, Kibiti.

KIBITI SI BARABARANI TU

Kibiti unaijua. Ni pale basi la Lindi na Mtwara linaposimama, dirisha likavamiwa na korosho na machungwa mpaka unasahau safari. Ni kilometa 130 na ushee kutoka Dar, lami tupu. Ndiyo maana mtoto wa mjini anadhani Kibiti ni hapo tu.

Lakini wilaya haiishii kwenye lami. Shuka upande wa bahari, kuna kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni. Huko mto Rufiji unajigawa matawi kama vidole na kuingia baharini katikati ya mikoko. Mikoko yenyewe ni kama hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Daladala ya huko ni mtumbwi na boti, na anayepanga ratiba ni mwezi: maji yakijaa unapita, yakipwa unakaa.

Shoga yangu alinipokea Nyamisati, pale gatini watu wanapopandia boti za Mafia. Tukakaa kivulini na samaki wetu wa kukaanga, akanipa kisa cha wiki ile. Mama mmoja mjamzito, mimba ya nne, uchungu umemwanza jioni. Mtoto akazaliwa salama, lakini damu ikagoma kukata. Zahanatini alikuwa yeye peke yake. Akamchoma sindano ya kukaza kizazi, akamkanda tumbo, akaagiza boti. Mzee wa boti akamjibu, "Sista, mwanangu, boti ninayo na mafuta ninayo. Maji ndiyo sina." Yalikuwa yamekupwa.

Basi wakasubiri. Yeye mkono tumboni kwa mgonjwa, mzee mlangoni anachungulia maji. Yalipoanza kurudi wakaondoka gizani. Mama yule kapona. "Lakini shoga," akaniambia, "ile saa ya kusubiri nilijiuliza, kama ningekuwa nimeshakwenda Uingereza, nani angeweka mkono pale?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nikaenda kutafuta habari.

MAJUU WANAVYOWINDA KWA KUNDI

Kumbe wenzetu wana ujanja wao. Zamani kila hospitali ya Uingereza ilitafuta manesi wa nje kivyake: tangazo lake, usaili wake, tiketi zake. Hospitali mbili za mji mmoja zikawa zinamgombea nesi mmoja kama vijana wawili na binti mmoja. Hasara tupu.

Baadaye baadhi ya hospitali za eneo moja zikaanza kuungana. Tangazo moja, usaili mmoja, na ukikosa nafasi hospitali hii, ya jirani inakuchukua bila kukuanzishia upya. Gharama za kukupokea, kukutafutia chumba na kukuandaa kwa mtihani wa vitendo wanachangiana. Mwajiri anaokoa noti, na mgeni hatupwi kwenye baridi peke yake.

Usidhani hayo ni ya wazungu peke yao. Jirani zetu Kenya wamejaribu, na sisi tulikuwa ndani ya mchezo.

MADAKTARI 500 WALIOISHIA NJIANI

Kenya huduma za afya ziko chini ya kaunti, na kaunti zipo 47, yaani waajiri 47. Desemba 5, 2016 madaktari wao waligoma, mgomo ukachukua siku 100. Ulipokwisha Machi 2017, Waziri wa Afya, Dk. Cleopa Mailu, akatua Dar pamoja na wawakilishi wa magavana. Machi 18 wakakutana na hayati Rais Magufuli wakiwa na ombi moja kwa niaba ya wote: tupeni madaktari 500. Akakubali.

Vijana wa Bongo waliomaliza udaktari na kukaa bila kazi wakachangamkia. Mara soo. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani: mbona na sisi tuna wenzetu hawana ajira? Mahakama ikasimamisha mpango. Aprili 2017 Serikali yetu ikatangaza kuwaajiri hapa hapa nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya.

Hebu soma tena hapo. Tulikuwa tayari kukopesha madaktari 500, na huku kwetu kuna zahanati zina nesi mmoja. Watu walikuwepo na vyeti wanavyo. Kilichokosekana ni nafasi, mshahara na mahali pa kuwaweka.

Na mwezi huo huo wa Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa hapa Kibiti, kipindi kile cha mauaji yaliyowatikisa wananchi na viongozi wa vijiji. Sasa mwambie daktari kijana afungashe begi aje huku, wakati mama yake anasikia redio. Kumpata mtaalamu ni jambo moja. Kumfanya alale usingizi ni jambo jingine.

WACUBA NA WACHINA

Kenya hawakukata tamaa. Mwaka 2018 wakaleta madaktari 100 kutoka Cuba, wakawagawa kwenye kaunti karibu wawili wawili. Wagonjwa wengine waliona bingwa kwa mara ya kwanza bila kwenda Nairobi. Lakini Aprili 2019 wawili wakatekwa Mandera, mpakani na Somalia, na mwaka 2024 al-Shabaab wakadai wameuawa. Oktoba 2023 Kenya ilitangaza kuuvunja mkataba ule.

Linganisha na Zanzibar. Madaktari wa Kichina wanakwenda huko tangu 1964, zamu kwa zamu, wakiondoka hawa wanaingia wengine, Mnazi Mmoja kwa Unguja na Abdalla Mzee kwa Pemba. Bara nako walianza kuja mwaka 1968. Mpango umedumu kwa sababu mgeni anajua anafikia wapi, anafanya kazi na nani na anaondoka lini.

Lugha nayo ni kimeo. Bibi wa delta akikuelezea maumivu kwa Kindengereko, hata mimi wa Dar natoa macho, sembuse mtu wa Havana. Mgeni asipopewa mkalimani, anatibu kwa kubahatisha.

TURUDI KWA WAKALA

Haya, sikiliza na wewe unayepokea meseji kama za shoga yangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Kanuni za Uingereza zinamkataza mwajiri au wakala kuja kuwinda watu kwenye nchi za orodha hiyo, labda ziwe zimekubaliana serikali kwa serikali. Wewe mwenyewe ukiona tangazo ukaomba moja kwa moja, ruksa.

Na kwa kanuni zao, wakala hatakiwi kumtoza mtafuta kazi pesa ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo huyo wa "kufungua faili" anafungua pochi yako. Njia ya halali ni ndefu: uthibitisho kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, halafu wa vitendo kule kule. Kiingereza msikidharau. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya alisema manesi 300 walipimwa, wakapita 10. Na hao ni Wakenya wanaotucheka sisi!

WAAJIRI WATATU, MAJI MAMOJA

Mimi si mtaalamu, lakini kichwani nina akili ya kuuza magazeti. Kama hospitali za Uingereza zinaungana, na kaunti 47 zimeweza kutuma ombi moja, kwa nini Kibiti, Rufiji na Mafia wasiungane? Waajiri watatu, maji ni yale yale. Hospitali za misheni nazo zikaribishwe.

Wachangie boti moja ya wagonjwa yenye nahodha anayelipwa, si ya kuombaomba usiku. Waweke zamu: miezi kadhaa kisiwani, miezi kadhaa Kibiti mjini au Utete, ili nesi asizeeke kwenye mikoko. Nyumba yenye sola na mlango unaofungika. Hapo hata akija mgeni kutoka nje atakuta mahali pa kufikia. Lakini waanze na hawa wanaojitolea, maana wameshaonyesha kwamba wanakaa.

Jioni boti ya kurudi ilikuwa inajaza watu. Shoga yangu akatoa simu, akamfungia vioo yule wakala mbele yangu. Nikashangilia. Akaniambia ngoja kwanza. Kitabu cha Kiingereza kashanunua, anasoma usiku kwa taa ya sola, na maombi ya ajira serikalini kayatuma tena.

"Atakayenijibu kwanza ndiye nitakwenda naye," akasema. "Simdanganyi mtu."

Siwezi kumlaumu, mpenzi msomaji. Wewe ungefanyaje? Mzee wa boti akaita, maji yalikuwa yamejaa. Akapanda na boksi lake la glovu, mimi nikarudi zangu lami.