Je, Wajua? Waya wa Umeme Huleta Maji Nyumbani

Mvua ya milimita 20, ambayo Dar es Salaam huiona sana mwezi wa Aprili, humwaga lita 20 kwenye kila mita ya mraba. Waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani, wenye urefu wa mita 25 na unene wa sentimita 1, hukinga eneo la robo ya mita ya mraba. Maana yake ni kwamba mvua moja tu huuangushia waya huo takriban lita 5 za maji. Mengine hudondoka njiani. Lakini nguzo ni ndefu kuliko nyumba, waya unateremka, na maji hung'ang'ania tumboni mwa waya na kutambaa. Yanayobaki yote huelekea mahali pamoja: kwenye paipu inayopeleka umeme kwenye mita na meni switchi.

Sijui kitu kinachodharauliwa katika nyumba zetu kama paipu hiyo. Mtu atazunguka maduka yote ya Kariakoo akitafuta rangi ya vigae, lakini njia ya umeme mkubwa unaotoka nguzoni anamwachia fundi aamue siku ya kutindua, nyumba ikiwa imeshapauliwa. Na wanaoikumbuka huielewa vibaya. Hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasiingie, basi huiziba huku na huku kwa silikoni, wakaridhika. Maji yataingia tu. Paipu iliyowekwa vizuri ni ile inayoyapa maji pa kutokea kabla hayajaufikia umeme.

Tazama nyumba iliyofungwa na fundi anayejua kazi. Waya hufika ukutani au kwenye fisha bodi, hukazwa na klempu, lakini haukimbilii kwenye mdomo wa paipu. Kwanza huachwa ulegee, ushuke kiasi cha shibiri moja na kufanya tumbo, ndipo upande na kuingia. Mdomo wa paipu nao hugeuzwa utazame chini. Tone linalotambaa juu ya waya likifika kwenye tumbo hilo haliwezi kupanda. Uzito wake hulishinda, nalo hudondoka uani. Shibiri moja ya waya, bila gharama yoyote ya maana, inatosha kuzigeuza lita zile zote. Waya ukivutwa ukanyooka moja kwa moja hadi ndani ya paipu kwa sababu fundi alitaka uonekane nadhifu, maji yote hayo yameshafunguliwa mlango.

Kuna njia ya pili, na hiyo hata mafundi wazoefu huisahau: maji hupita ndani ya waya wenyewe. Waya wa kutoka nguzoni si mche mmoja wa chuma. Ni nyuzi kadhaa za alumini zilizosokotwa pamoja ndani ya gamba la plastiki, na kati ya uzi na uzi kuna upenyo mwembamba. Gamba likichunwa huko juu na mwisho wake ukaachwa wazi, upenyo huo hunyonya maji ya mvua. Kisha maji huteremka ndani ya gamba, mahali ambapo hakuna jicho linaloyaona, mpaka kwenye terminali za mita. Hapo lile tumbo halisaidii kitu. Upenyo ukishajaa, maji hufanya kama mafuta yanayonyonywa kwa mpira kutoka kwenye tangi: hushuka, hupanda, na kushuka tena, mradi mwisho wa safari uko chini kuliko mwanzo wake. Ndiyo maana unaweza kufungua boksi la mita lisilo na ufa wala tundu ukakuta terminali zimelowa, na watu wakalaumu ukuta.

Dawa yake ni ndogo. Mwisho wa waya uvalishwe kofia ya mpira inayokaza, na panapounganishwa kitumike kiunganishi chenye meno yanayotoboa gamba bila kulichuna. Ukiona huko juu waya umechunwa, ukaviringwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe mweusi, usikubali. Utepe huo jua litaukausha na gundi yake itaachia.

Njia ya tatu ni hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi joto 20, uwezo wake hushuka hadi gramu 17 hivi, na kinachozidi hugeuka matone. Paipu inayotoka ukutani kwenye jua na kuishia kwenye chumba chenye kiyoyozi hupitisha hewa ya nje yenye unyevu hadi mahali pa baridi, na jasho lake huishia ndani ya meni switchi. Kwa hiyo panapostahili kuzibwa ni ule mwisho wa paipu unaoingia ndani ya nyumba. Boksi la nje la mita liachiwe kitundu chembamba upande wa chini kabisa, maji yatoke. Kitundu kikiwa kipana, mjusi na sisimizi watakigeuza makazi, na mjusi aliyekauka katikati ya terminali mbili ni shoti inayosubiri.

Maji haya hayaui umeme siku hiyohiyo, na hapo ndipo yanapotudanganya. Waya wa nguzoni ni alumini, terminali nyingi ni shaba au shaba nyeupe, na maji yenye chumvi yakikutana na metali mbili tofauti huila alumini taratibu. Tanga, Bagamoyo, Mtwara na Unguja, upepo wenyewe huleta chumvi. Alumini hujifunika ukoko usiopitisha umeme, kiungo kikapata ukinzani. Tuseme ukinzani umefika omu 0.02 tu, na nyumba inavuta ampea 40: joto linalozaliwa kwenye kiungo hicho ni wati 32, ndani ya kipande kisichozidi dole gumba. Joto hulegeza skrubu, ukinzani huongezeka, na joto huzidi. Taa zikianza kufifia kila pasi ikiwashwa, wengi husema umeme wa mtaa ni mdogo, kumbe kiungo chao kinaungua.

Na kipande hiki cha waya hakina mlinzi wa karibu. Sakiti breka zote unazoziona ziko mbele yake. Swichi iliyomo ndani ya mita ya LUKU ipo ili kukata umeme yuniti zikiisha. Kinga iliyo nyuma ya waya huu iko huko nguzoni au kwenye transfoma, nayo hupimwa kwa mzigo mkubwa. Shoti ikitokea kabla ya meni switchi kwenye njia yenye ukinzani wa omu 0.1, volti 230 husukuma ampea 2,300, na hakuna swichi ndani ya nyumba itakayoizima. Ndiyo sababu Uingereza nyaya za kutoka mita hadi meni switchi kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi mita 3 bila kuongezewa swichi yenye fyuzi.

Sisi tunafanyaje? Meni switchi tunaiweka koridoni upande wa pili wa nyumba kwa sababu sebuleni inaharibu sura, kisha waya tunaupitisha darini chini ya bati. Waya wa gamba la PVC hupimiwa uwezo wake kwenye hewa ya nyuzi joto 30. Dari likifika nyuzi joto 50, uwezo huo huzidishwa kwa 0.71, hivyo waya wa ampea 60 unakuwa wa ampea 42 au 43 mchana wa jua kali, saa zilezile ambazo viyoyozi vyote vinanguruma.

Kona nazo zina hesabu yake. Kwa msuguano wa kawaida ndani ya paipu, kila kona ya digrii 90 huongeza nguvu ya kuvuta waya karibu mara mbili. Kona mbili ni karibu mara tano, kona nne ni zaidi ya mara 20. Kanuni za Marekani huishia hapo: digrii 360 kwa jumla, kisha liwepo boksi la kuvutia. Anayelazimisha zaidi ya hapo huchubua gamba ndani ya paipu, na mchubuko huo hakuna atakayeuona.

Hapa kwetu, mchoro wa wiring lazima ugongwe muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA kabla ya kuomba kuunganishiwa umeme. Ni utaratibu mzuri, lakini kwa wengi umekuwa wa kununua muhuri: kishoka anafunga, mwenye leseni anapiga muhuri nyumba ambayo hajaikanyaga. Mwenye nyumba akiokoa fedha hapo, amezikopa kwa moto.

Wazo la kupitisha nyaya ndani ya mirija lilipewa sura ya kibiashara na Wamarekani wa karne ya 19, akiwemo Edward Johnson, mshirika wa Edison, yuleyule aliyepamba mti wa Krismasi kwa balbu za umeme mwaka 1882. Mirija ya mwanzo ilikuwa ya karatasi iliyoloweshwa lami. Leo paipu za milimita 20 na 25 hupitisha waya wa pampu ya kisima, wa sola kutoka batini, wa kamera, wa kengele ya geti, wa intaneti, na zinazobaki huwa fito za chandarua au miti ya kuegemezea nyanya.

Nyaya hizo ndogo zote zinaweza kuchaguliwa njia baadaye. Ya umeme mkubwa ichorwe kwenye ramani kabla ya msingi: mita nje, meni switchi nyuma ya ukuta uleule, kona zisizidi mbili. Na kabla ya plasta, piga picha kila ukuta uliotinduliwa uihifadhi, ili anayekuja kupigilia misumari ya kabati ajue waya umepita wapi.