Kilo Mbili kwa Siku Tatu

Mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu vizuri, mara nyingi hazidiwi ghafla kama watu wa nyumbani wanavyodhani. Usiku ule anapokimbizwa hospitali, akihema huku ameketi kwa sababu akilala anakosa pumzi, maji yamekuwa yakijikusanya mwilini mwake kwa siku nyingi. Moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha, figo nazo zinafanya kazi kana kwamba mwili umekauka: zinazuia chumvi na maji yasitoke. Maji hayo hujaa miguuni, tumboni, na mwishowe kwenye mapafu. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mizani huyaona kabla ya macho. Mtu anaweza kubeba lita kadhaa za ziada kabla kidole gumba hakijaacha shimo kwenye ugoko. Ndiyo maana madaktari wa moyo wa Ulaya hufundisha kwamba uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, usisubiri tarehe ya kliniki.

Somo hilo halihitaji mtambo wowote wa gharama. Mwaka 1995, mtafiti Michael Rich na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 282 wenye miaka 70 na zaidi. Nusu yao walipata nesi wa kuwaelimisha, ushauri wa chakula, dawa zao kupitiwa upya, na kufuatiliwa nyumbani na kwa simu. Ndani ya siku 90, kulazwa tena kwa sababu ya moyo kushindwa kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wenzao.

Simu na intaneti zilipoenea, wengi walitarajia kwamba mafunzo na ufuatiliaji huo sasa vitamfikia kila mtu bila kumchosha nesi. Haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya majaribio ya Marekani kwa wagonjwa 1,653. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku na kuieleza sauti ya mashine uzito na dalili zao. Wahudumu wa kliniki wangesoma majibu baadaye. Kwa vifo na kulazwa tena, wagonjwa hao hawakupata nafuu yoyote kuliko wenzao. Mmoja kati ya saba hakuitumia simu hiyo hata mara moja.

Kisha Ujerumani, mwaka 2018: wagonjwa 1,571, na wale wa kundi la majaribio walituma uzito, presha na mapigo ya moyo kila siku kutoka nyumbani hadi hospitali ya Charité, Berlin. Huko kulikuwa na madaktari na manesi usiku na mchana, waliowafundisha wagonjwa na kuwapigia pale namba zilipoharibika. Kwa kila wagonjwa 100 wa kundi hilo kwa mwaka, walifariki takriban 8, wakati kundi la huduma ya kawaida lilipoteza 11. Majaribio haya mawili yalitofautiana kwa mengi, lakini mimi naamini tofauti kubwa ni kwamba Berlin kulikuwa na mtu wa kujibu papo hapo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa mwaka 2012 uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na presha ndiyo iliyoongoza kwa kuuchosha moyo. Mtu wa umri huo mara nyingi bado ana watoto shuleni. Anayemuuguza ni mke aliyefunga genge lake, au binti aliyeacha kazi mjini, na mara nyingi ndiye mwenye simu na ndiye anayepika.

Basi somo limfikie yeye, kwa Kiswahili, kwa sauti anayoweza kuisikiliza tena jikoni. Kliniki wanasema "punguza chumvi", na kweli kikopo cha chumvi kinaondolewa mezani, lakini maharage yanaendelea kuchemshwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu ileile inayovuta maji. Goti likiuma, mzee ananunuliwa diklofenaki duka la dawa, na dawa hiyo huzifanya figo zizuie maji zaidi. Akisafiri kwa basi, anaacha kidonge cha kukojoza kwa sababu hawezi kumwomba dereva asimamishe kila mara watu wachimbe dawa. Hilo ni jambo la aibu, wala hatalisema mbele ya foleni ya kliniki. Kwenye simu, bintiye anaweza kuuliza, na mara nyingi jibu lipo: nesi akiridhia, kidonge kinaweza kumezwa baada ya kufika.

Uingereza wameandaa mafunzo ya mazoezi ya nyumbani kwa wagonjwa hawa, yakiwa na kitabu cha ndugu anayeuguza, kwa kuwa naye huchoka na kukosa usingizi. Hapa kwetu tuanze na kundi la simu la kliniki: asubuhi, mgonjwa akishakojoa na kabla hajala, uzito unatumwa. Ila saa ya nesi ya kuzisoma namba hizo na kupiga simu iandikwe kwenye ratiba yake ya kazi na ilipwe, siyo aifanye kwa hisani akiwa ndani ya daladala kurudi nyumbani.